Maswali ya Bustani: Mboji Yangu Inadumaza Miche

SWALI: Mhariri, salaam. Ninaishi Kigamboni katika nyumba ya kupanga, hivyo ninalima mboga kwenye ndoo barazani. Nilirundika maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na maranda mengi kutoka kwa seremala jirani, na baada ya wiki sita nikajaza mboji hiyo peke yake katika ndoo kumi, nikapanda nyanya na sukumawiki. Miche imedumaa, majani ya chini yamekuwa ya njano, na mboji imeshuka karibu nusu ya ndoo. Nimekosea wapi, na nichanganye vipi? — Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ndugu msomaji, dalili zote tatu ulizozitaja zinaonyesha jambo moja, nalo ni kwamba mboji yako haijaiva. Maranda yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo mno, kwa hiyo vijidudu vinavyoyaozesha huichukua naitrojeni iliyomo ndani ya ndoo kabla mizizi haijaifikia. Mche nao, ukikosa chakula hicho, huihamisha naitrojeni kutoka majani ya zamani kwenda kwenye machipukizi, ndiyo maana unjano umeanzia chini. Kushuka kwa mboji ni uozo uleule unaoendelea mizizi ikiwa ndani.

Wiki sita zingetosha kama rundo lingekuwa na mchanganyiko mzuri, likageuzwa mara kwa mara na kupata joto la nyuzi 55 hadi 65, ambalo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Mabwana shamba wetu huchomeka kijiti kirefu kwa mshazari hadi katikati ya rundo: kikichomolewa kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inaendelea, kikitoka kikavu, rundo linahitaji maji.

Kabla ya kuitumia mboji, lowesha kidogo viganja viwili, vifunge katika mfuko wa plastiki kwa siku tatu, kisha ufungue na kunusa. Iliyoiva hunukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza, ilhali changa hutoa uvundo au harufu kali inayochoma pua. Mimi huongeza jaribio la pili, yaani kusia mbegu za mchicha katika kopo la mboji na katika kopo la udongo wa kawaida, kwani mchicha huota ndani ya siku chache na hauna subira na mboji mbichi.

Kuhusu vipimo, kanuni inayotumika sana vitaluni ni makopo matatu ya udongo wa juu, mawili ya mboji na moja la mchanga. Hata hivyo, kanuni hiyo inafaa zaidi udongo mzito, kama ule mwekundu wa Lushoto, ambao bila mchanga hushikamana kama tofali. Udongo wa Kigamboni tayari ni kichanga, na kuuongezea mchanga ni kuyafungulia maji njia ya kutoroka. Badala yake tumia vumbi la makumbi ya nazi, lililosuuzwa mara mbili au tatu kwa maji baridi ili kuondoa chumvi. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa. Finyanga mchanganyiko wenye unyevu katika kiganja: ukishikamana, kisha ukavunjika unapougusa kwa kidole, umefaa.

Miche uliyonayo usiing'oe. Weka kiganja kimoja cha samadi ya kuku iliyokwisha kuoza kuzunguka kila mche, mbali kidogo na shina, na umwagilie.

SWALI: Je, ni lazima nikaange udongo kwenye karai ili kuua minyoo ya mizizi? — Msomaji, Kigamboni

JIBU: Si lazima, na mkaa wenyewe si rahisi. Lowesha udongo, utandaze juani, uufunike kwa plastiki angavu iliyobanwa kingo zote, na uuache wiki nne hadi sita katika msimu wa jua kali. Mboji uichanganye baada ya hapo, kwa sababu joto hilo huua pia vijidudu vyenye manufaa vilivyomo ndani yake.