"Unfazed" na "phase" hayana undugu

Swali la wiki: neno la Kiingereza "unfazed" lina maana gani, limetoka wapi, na je, lina uhusiano na "phase", yaani awamu?

Uhusiano hakuna, ila matamshi tu. Mzizi wa "unfazed", yaani asiyebabaika, ni kitenzi "faze": kumbabaisha mtu mpaka utulivu umtoke. Ni neno jepesi kuliko kutisha au kuogofya. Aliyebabaishwa hivyo hajakimbia wala hajapigwa na butwaa; ameyumba kidogo, labda maneno yamemgongana.

Asili yake ni Kiingereza cha kale, "fesian", kufukuza au kutimua. Baadaye likawa "feeze", likabaki zaidi katika lahaja. Tamthilia ya Shakespeare, The Taming of the Shrew, inafunguka kwa mlevi Christopher Sly kumtishia mama mwenye kilabu cha pombe: "I'll pheeze you", yaani nitakukomesha! Toleo la 1623 lilichapa neno hilo kwa "ph", kwa hiyo wanaoandika "phase" kimakosa leo wana mwenzao wa zamani. Tahajia ya "faze" ilijitokeza Marekani, na inapatikana katika maandishi tangu 1830. Zamani alitimuliwa mtu mzima mzima. Siku hizi kinachotimuliwa ni utulivu wake.

"Phase" lilitoka kwa Wagiriki, "phasis", kuonekana, na Waingereza walilitumia kwanza kwa sura za mwezi. Kwetu linakuja haraka mkononi, hasa Tanzania, ambako serikali huhesabiwa kwa awamu. Ndiyo maana "it didn't phase me" imejaa kila mahali, na kompyuta haiipigii mstari mwekundu kwa sababu "phase" ni neno halali. Kipimo ni rahisi: ukiweza kuweka kubabaisha, andika "faze"; ukiweza kuweka awamu au hatua, andika "phase".

Kisarufi, "faze" hudai mtendwa. Huwezi kusema "I fazed" ukimaanisha nilibabaika. Tena linapenda sana ukanushi: "The questions didn't faze her", maswali hayakumbabaisha. Kwa kauli ya kukubali, "she was fazed" si kosa, lakini husikika mara chache. "Rattled" au "flustered" hukaa vizuri zaidi. Na "unfazed" ni kivumishi tu, mara nyingi hufuatwa na "by": "unfazed by the noise". Kitenzi cha "to unfaze" hakipo.

Wafasiri wengi huandika "hakujali". Hapo wanapotoka, kwa sababu kutojali kuna dharau ndani yake. Kipa aliye "unfazed" mbele ya penalti anajali sana, ila hatikisiki. "Hakubabaika" linatosha, au "hakuyumba" ikiwa habari ni ya msimamo.