Disatesheni yangu ilipigwa chini mara ya kwanza, soma kabla hujaanza yako

Juzi kuna dada kanitumia meseji, yuko mastaz ya afya ya jamii hapa London na anataka kuandika kuhusu makao ya watoto miaka ya 1950 ila hajui aanzie wapi. Mdogo wangu, mi nilianzia pabaya, ngoja nikupe yote.

Nilianza na ripoti za waganga wakuu wa manispaa. Ziko mtandaoni bure, maktaba ya Wellcome, ile ya historia ya tiba hapa London, imepiga skani zaidi ya 5,000, za kuanzia 1848 hadi 1972. Ukifungua moja huamki, kuna chanjo za dondakoo, panya, nyama mbovu iliyotupwa, kila kitu. Ule ukungu wa moshi wa Desemba 1952 ndo ulinipoteza kabisa, maelfu walikufa kwa siku chache tu, nikakaa nao wiki tatu hadi sheria ya hewa safi ya 1956, nikajiona mtafiti kweli. Na wala haikuwa mada yangu.

Basi nikachagua Stepney, manispaa ya mashariki mwa London, nikaandika kurasa kibao jinsi manispaa ilivyolea watoto kwenye makao yake. Supavaiza akakata mstari mwekundu juu hadi chini, pembeni kaandika: "Ufunguo wa nyumba hizi alikuwa nao nani?" Akaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Sijasahau mpaka leo.

Na alikuwa sahihi. Ufunguo ulikuwa kwa halmashauri kubwa ya London, LCC. Stepney ilibaki na mitaro, panya na ukaguzi wa chakula, hata kliniki za mama na mtoto zilienda LCC mwaka 1948. Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, jua nani alikuwa na mamlaka.

Nikahamishia utafiti manispaa ya West Ham. Hiyo ilikuwa nje ya LCC, inajitegemea, afya yake na watoto wake, mpaka 1965 ilipoingizwa Newham. Hapo ndo mambo yakafunguka. Mwaka 1945 mtoto wa miaka 12, Dennis O'Neill, aliuawa kwenye shamba alikopelekwa kulelewa, nchi nzima ikashtuka, na ripoti ya 1946 ya kamati ya Curtis, iliyochunguza malezi ya watoto wasio na wazazi wa kuwalea, ikaja kutoa sheria ya watoto iliyoanza 5 Julai 1948, siku ileile NHS, huduma ya afya ya taifa, inazaliwa. Watoto wakapewa Afisa wa Watoto wao, mganga mkuu wa manispaa akabaki mgeni pale makaoni. Akiitwa ujue kuna ugonjwa. Na kuhara ndo kulisumbua, maana watoto wadogo wanakalia poti zilezile, taulo zimetundikwa zimegusana, mmoja akianza wodi nzima inafuata. Curtis walitaka nyumba ndogo, watoto wasizidi 12, wakiwa 8 ndo vizuri zaidi, walikuwa wanawaza upendo ila mi naona hata kwa kuhara ilikuwa dawa.

Ushauri wa pili, jamani, ni uleule wa kwanza. Mamlaka! Watu mnakimbilia takwimu mnaweka grafu za rangi halafu mnalia supavaiza ana roho mbaya. Acheni uvivu, someni sheria.

Mi mwishowe nimepata 71 kwa mia. Ile karatasi yenye wino mwekundu iko kwenye droo pamoja na pasipoti. Dada, sura ya kwanza usinitumie bado, nitumie jina la manispaa.