Mdondo au mafua ya ndege? Maswali yenu matano

Nilipoandika juu ya mafua ya ndege mwezi uliopita, maswali yalimiminika. Nimechagua matano, na mengine yanafanana nayo.

Daktari, kuku wangu kumi na mmoja wamekufa ndani ya siku tatu. Wanaharisha kijani, wengine wamepinda shingo. Jirani anasema ni mdondo tu. Ni kweli? (Mfugaji, Kibaha)

Huenda jirani hajakosea. Mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita, ndio unaomaliza kuku wengi wa kienyeji, na dalili ulizotaja ni zake. Ila mafua makali ya ndege nayo huja na hizohizo: uharo, vifo vya ghafla, upanga na undu kugeuka zambarau. Hata sisi tuliosomea hatuwezi kuyatofautisha kwa macho. Kama uliwachanja dhidi ya mdondo kwa tone la jicho ndani ya miezi mitatu iliyopita na bado wanakufa hivyo, mwite afisa mifugo leo, usisubiri Jumatatu. Atapitisha kijiti cha pamba kooni na kwenye njia ya haja, aweke sampuli kwenye barafu, maabara ndiyo itasema. Mbakishie mzoga mmoja wa leo asubuhi, umefunikwa mahali mbwa na watoto hawafiki. Mingine ifukie kwa kina, mbali na kisima.

Na tuambiane ukweli: kuku akianza kusinzia, wengi wetu tunamwahi kwa kisu. Kumchinja na kumnyonyoa kuku mgonjwa ni kati ya njia kubwa za mtu kuambukizwa.

Mimi ni mvuvi. Kwenye semina tuliambiwa tukiona ndege wamekufa ufukweni tutoe taarifa. Ndege wa porini na afya yangu wapi na wapi? (Musoma)

Jibu liko kwenye ziwa lako mwenyewe. Januari 2017, upande wa Uganda, buabua wenye mabawa meupe walianza kuonekana wamekufa kwa wingi kwenye ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe. Hao ni wageni, huja kwetu kukimbia baridi ya Ulaya na Asia. Sampuli zikapimwa, na katikati ya mwezi serikali ikatangaza: mafua ya ndege, aina ya H5N8. Kuku na bata wa kufugwa walikutwa nayo pia, huko Masaka. Kenya ikazuia kuku kutoka Uganda, na wafanyabiashara wasiokuwa na kuku hata mmoja mgonjwa wakaumia.

Hakuna mtu aliyethibitika kuugua wakati ule, na wengi waliona H5N8 ni shida ya ndege peke yao. Kisha mwaka 2021 Urusi ikaripoti kuwa wafanyakazi saba wa shamba la kuku walikutwa nayo. Sasa fikiria: bata maji wengi wa porini hubeba kirusi bila kuugua, wanakidondosha majini pamoja na kinyesi, nacho kinaweza kukaa humo siku nyingi, hasa maji yakiwa baridi. Bata wako wa nyumbani anaogelea hapohapo. Tukisubiri mabanda yaanze kunuka tumeshachelewa, na anayepita ufukweni alfajiri ni wewe, si mimi.

Ninafanya kazi zahanati. Mgonjwa akija na homa na kifua kibaya, nimuulize nini zaidi?

Muulize kama siku kumi zilizopita alishika kuku, bata au mzoga wowote. Hong Kong, Mei 1997, mtoto wa miaka mitatu alifariki kwa mafua ambayo maabara hazikuyatambua. Jibu, H5N1, aina nyingine ya mafua ya ndege, lilipatikana Agosti. Kumbe miezi ileile kuku walikuwa wamekufa kwenye mashamba ya jirani. Hadi mwaka unaisha watu 18 walikuwa wameugua, sita wakafa, na kuku zaidi ya milioni moja wakachinjwa.

Ndiyo maana siku hizi mnasikia Afya Moja, yaani madaktari wa watu na wa mifugo kufanya kazi pamoja. Kenya ina kitengo kinachoongozwa na daktari wa binadamu pamoja na wa mifugo, na kwetu Tanzania dawati la Afya Moja liko Ofisi ya Waziri Mkuu tangu 2018. Ni hatua nzuri. Lakini nimefika wilaya ambako mganga mkuu na daktari wa mifugo, ofisi zao zikitazamana, hawakuwa na namba ya simu ya kila mmoja. Anza na hiyo namba.

Nasikia ng'ombe wa Marekani wanaugua mafua ya ndege. Niache maziwa?

Usiache, chemsha. Ni kweli, iligundulika Machi 2024 kuanzia Texas na Kansas, na paka waliolamba maziwa mabichi walikufa. Moto unaua kirusi. Nyama na mayai viive hadi ndani.

Nikitoa taarifa watakuja kuua kuku wote, hata wazima. Nani atanilipa?

Hili ndilo swali lenyewe. Nigeria ilipopata H5N1 mwaka 2006, ya kwanza Afrika, serikali ilitangaza naira 250 kwa kuku, na wafugaji wakalalamika kuwa ni chini ya bei ya soko. Mtu mwenye ada ya shule ya kulipa, akipiga hesabu hiyo usiku, asubuhi kuku wake watakuwa kwenye tenga juu ya basi, na ugonjwa pamoja nao. Simlaumu sana. Ninachokushauri ni kuwa na daftari la idadi ya kuku wako ambalo afisa mifugo amelisaini mapema, maana kuku asiyeandikwa popote ni vigumu kumdai. Kuhusu fidia, nimeliuliza swali lako katika kila mkutano niliohudhuria. Huwa linapelekwa kwenye "mengineyo", na muda unakuwa umekwisha.