Hawakupigana, lakini walistahili

Ndugu, umeuliza kwa nini miji midogo ya Utah, Marekani, huweka bendera kwenye makaburi ya askari wa Kikosi cha Wamormoni, yaani waumini wa dini ya Kimormoni walioingia jeshi la Marekani wakati wa vita na Meksiko, ilhali hawakupigana vita. Kweli, hawakupigana na jeshi la Meksiko. Mapambano yao pekee safarini yalikuwa na fahali mwitu, karibu na mto San Pedro, Desemba 1846.

Ila tazama walichobeba. Waliandikishwa Julai 1846 huko Iowa, wanaume kama 500, wakati watu wao walikuwa wamefukuzwa Illinois na wanaishi kwenye mahema na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Kila mmoja alipewa dola 42 za sare. Wengi walibaki na nguo zao kuukuu, na sehemu kubwa ya fedha ikarudi kulisha familia na kununua mahitaji ya safari ya wenzao. Kwangu mimi hapo ndipo penye heshima yenyewe. Kisha wakatembea kilomita zipatazo 3,000, wakichimba visima jangwani na kufungua njia ya magari, hadi San Diego, California, Januari 1847. Wapo waliofia njiani, kwa maradhi.

Mji mdogo unapowataja pamoja na vijana wake waliokufa Ulaya au Vietnam, haulinganishi vita. Mara nyingi hao ni mababu wa watu walewale wanaofagia makaburi kila Mei, Marekani inapowakumbuka askari wake waliokufa. Na tusiwasahau wanawake waliosafiri na kikosi, baadhi yao wakiwa wafuaji nguo wa jeshi.