Rafiki wa Kufa na Kuzikana

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu uandishi na usomaji. Barua tatu tulizozipokea safari hii, zote kutoka Moshi na Arusha, zimeangukia jambo moja: hadithi ya taharuki ambamo marafiki wa chanda na pete hufikishana kaburini, huku msomaji akijikuta anacheka mahali ambapo alidhani angelia.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninauza mitumba Kiboriloni, na usiku huandika. Nimekuletea rasimu ya hadithi ya wanawake wawili marafiki wa hapa Moshi, mmoja fundi cherehani na mwingine muuza mitumba, waliokula sahani moja kwa miaka ishirini. Fundi anamtilia mwenzake sumu kidogo kidogo kwenye mtori. Mwalimu aliyeisoma ameniambia nichague moja, ama niogofye ama nichekeshe, kwa kuwa kifo hakichekwi. Anasema pia kwamba sababu ya mauaji haitoshi, maana hawa wawili hawagombanii mume wala kihamba, yaani shamba la ukoo. Je, yuko sahihi? (Msomaji, Kiboriloni, Moshi)

JIBU: Marahaba, dada. Mwalimu wako ninamheshimu, lakini nina shaka kama amehudhuria msiba wenye watani. Mchaga anapofiwa, mtani wake Mpare ana ruhusa ya kufanya yale ambayo mtu mwingine angefukuzwa kwa kuyafanya: kuiga mwendo wa marehemu mbele ya wajane, kumdai madeni, hata kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Waombolezaji hucheka huku machozi yakiwatoka, na hakuna anayeona kwamba marehemu amedharauliwa. Tunayo hata istilahi ya kifasihi ya mchanganyiko huo, yaani tanzia-ramsa. Kwa hiyo usichague. Hofu na kicheko vikikaa chungu kimoja, msomaji wako hatajua kijiko kinachofuata kitaleta kipi, na taharuki unayoitafuta ni hiyo hiyo.

Kuhusu sababu ya mauaji, ninashangaa kwamba mtu wa Moshi anaweza kuuliza swali hilo huku mlima ukimtazama. Wazee wa Kichaga husimulia kwamba Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa, akapewa kaa pamoja na ndizi za kupondwa. Zilimnogea mno, hata akauzima moto wake makusudi ili apate kisingizio cha kurudi. Alipofika tena, na tena, Kibo alishika mchi akampiga, na ndiyo maana Mawenzi, mwenye mita 5,149, amechongoka na kuvunjikavunjika hadi leo, wakati Kibo, mwenye mita 5,895, ametulia kama mtu aliyekwisha kunawa mikono. Hapo hapakuwa na mume wala kihamba. Palikuwa na kaa la moto, sahani ya ndizi, na mwenyeji aliyekuwa amehesabu.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha hadithi za namna hii. Maadui hawana daftari, kwa sababu hawajawahi kupeana kitu. Marafiki wa miaka ishirini wanalo, na kila mmoja ameandika lake kichwani kwa mwandiko ambao mwenzake hawezi kuusoma. Katika rasimu yako umesema kwa sentensi moja tu, tena ya kupita, kwamba fundi alimdhamini mwenzake mara mbili kwenye mkopo wa kikoba, na kwamba muuza mitumba hakuacha kumshukuru hadharani, kanisani, sokoni, hata kwenye harusi za watu. Rudi hapo, kaa hapo. Ninavyoona mimi, kinachomchosha fundi si deni, maana deni lililipwa. Kinachomchosha ni shukrani. Amefanywa mtu mwema mbele ya kila mtu kwa miaka ishirini, wala hajapata hata siku moja ya mapumziko.

Yapo pia mauaji yanayotokana na urafiki kubana kupita kiasi. Katika jiji la Christchurch, New Zealand, mwezi Juni 1954, wasichana wawili, Pauline Parker aliyekuwa na miaka 16 na Juliet Hulme aliyekuwa na miaka 15, walimuua mama mzazi wa Pauline kwa kuhofia kwamba wangetenganishwa. Waliopanga ni watoto, na kilichowaumbua ni shajara ya Pauline, ambamo mpango mzima ulikuwa umeandikwa kwa furaha ya mtu anayesubiri sikukuu. Juliet alipotoka gerezani alibadili jina, akawa Anne Perry, akajipatia riziki kwa kuandika riwaya za upelelezi, na dunia haikumtambua mpaka mwaka 1994.

Ninakutajia shajara hiyo kwa sababu wewe unayo bora zaidi, na inaelekea hujaiona. Kwenye ukurasa wa tano wa rasimu yako fundi anampima shoga yake kwa ajili ya kitenge cha Pasaka, anaandika kiuno 92 kwenye daftari lake la vipimo, halafu baada ya kurasa kadhaa anampima tena na kuandika 87, na mwenzake anageuka mbele ya kioo akisema, “Shoga, huu mtori wako umenipunguza vizuri.” Nilicheka, kisha nikaiweka rasimu chini kwa muda. Mstari huo mmoja una kila kitu: muuaji anaweka kumbukumbu za uhalifu wake kwa sentimita, kwa mwandiko safi, na marehemu mtarajiwa anamshukuru tena.

Ningekushauri daftari hilo uende nalo mpaka mwisho. Muuza mitumba akishafariki, nani mwingine atateuliwa kuwa mweka hazina wa kamati ya mazishi kama si rafiki wa kufa na kuzikana? Na akikosa karatasi, ataorodhesha rambirambi kwenye daftari lile lile, nyuma ya vipimo. Atajitolea pia kumshonea marehemu gauni la maziko, na ndugu watakapomwambia aje ampime atajibu kwamba hakuna haja. Kisha mtani aingie, aige mwendo wa marehemu wa siku za mwisho, huku sketi ikimdondoka kiunoni, na aulize kwa sauti ya kuchekesha, “Jamani, huyu nani alikuwa anampikia?” Waombolezaji wote wacheke isipokuwa mmoja.

Ukifanya hivyo, kurasa saba za inspekta anayetueleza kila kitu zitajifia zenyewe. Inspekta wa aina hiyo ni mzao wa Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla tuliyemfahamu katika “Mzimu wa Watu wa Kale” mwaka 1960, naye anafaa pale ambapo msomaji hamjui muuaji. Hapa msomaji anamjua tangu mtori wa kwanza. Ondoa pia jina la sumu na kiasi chake. Mtu aliyenunua gazeti hakuomba mapishi.

SWALI: Mhariri, katika hadithi yangu mgonjwa alikuwa tayari mahututi, na rafiki yake alimharakisha tu. Je, kisheria hayo ni mauaji, au nimeharibu hadithi? (Kijana wa Ngaramtoni, Arusha)

JIBU: Hujaharibu. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, anayeharakisha kifo cha mgonjwa huhesabiwa kuwa amekisababisha, hata kama ugonjwa wenyewe ungemuua baadaye. Kinachobaki ni dhamira. Kifungu cha 196 kinataka dhamira ovu, kifungu cha 200 kinaieleza, na kifungu cha 197 kinataja adhabu ya kifo. Dhamira hiyo isipothibitika, kosa linakuwa kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa mwandishi hii ni zawadi, kwa maana kesi yote inahama kutoka kwenye chungu na kuingia kichwani mwa mpishi. Sampuli zipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda hapo hapo Arusha, na usisahau zile tarehe ambazo mshtakiwa hufikishwa mahakamani kuambiwa kwamba upelelezi haujakamilika. Mpe rafiki wa marehemu tarehe sita za namna hiyo, na kila mara avae sare ya msiba.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini. Shoga yangu anauza mitumba na siku hizi anaandika hadithi. Amekuwa akiniuliza maswali ya ajabu: daftari langu la vipimo huliweka wapi, na kama niliwahi kuchoka naye. Juzi nilimpelekea mtori akaniambia nianze kula mimi. Je, niache kumpelekea? Barua hii nimempa yeye anipostie, kwa kuwa hupita posta kila Jumatatu. (Fundi, Moshi)

JIBU: Dada, endelea kumpelekea, na uanze kula wewe kama alivyoomba. Mwandishi huwachukua watu wa karibu kwa sababu ndio pekee anaojua wanavyoshika kijiko, na kuazimwa kwako hakumaanishi kwamba umeshukiwa. Ukitaka kupoza mambo, mwombe akusomee rasimu kwa sauti. Yale yatakayomwia vigumu kuyasoma mbele yako ndiyo ya kuyazungumza. Ila jibu kwanza lile swali lake la pili, la kuchoka, na umjibu mwenyewe kabla hajalijibu yeye katika sura ya mwisho. Jambo moja dogo: bahasha yako ilifika ofisini ikiwa imefunguliwa na kufungwa upya kwa uji wa ngano, kwa uangalifu mkubwa sana.