Kwa mnaoanza kupima madini yanavyokwisha

Wadogo zangu mnaoingia kwenye takwimu za uchumi, nawaandikia kutoka Tanga, nilikoijua kazi hii kwa kukosea.

Huku kwetu anayeuza nazi anakula pato. Anayeuza mnazi ukapasuliwe mbao anakula mtaji, hata kama noti mkononi ni zilezile. Hesabu za taifa kwa miaka mingi zilitoa uchakavu wa mashine na majengo, lakini shimo lililoachwa ardhini halikutolewa. Mwongozo mpya wa Umoja wa Mataifa wa hesabu za taifa, uliopitishwa Machi 2025, ndio umeanza kuutambua upungufu wa maliasili kuwa gharama ya uzalishaji.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya mawe ya chokaa. Nilichukua tani, nikazidisha kwa bei, nikaandika kwamba hiyo ndiyo hasara ya nchi. Mkuu wangu akaniuliza, "Dizeli na mishahara navyo vilichimbwa?" Niliona aibu, lakini swali lile sijalisahau. Toeni mishahara, mafuta, baruti, na faida ya kawaida ya mtaji uliowekwa kwenye mitambo. Kinachobaki ndiyo ziada ya jiwe lenyewe. Mrabaha msiutoe kama gharama: huo ni fungu la serikali ndani ya ziada hiyohiyo. Kosa hili nimelikuta hata kwa watu wazima kazini.

Ziada ikishapatikana, kiasi gani kati yake ni mtaji uliokwisha? Mchumi Robert Repetto na wenzake, walipoipima Indonesia mwaka 1989, waliihesabu yote kuwa mtaji uliokwisha. Mchumi mwingine, Salah El Serafy, alisema sehemu yake ni pato halali, na iliyobaki iwekezwe ili pato lisikatike mgodi ukifungwa. Mimi niko upande wake, ila njia yake ina mtego. Chukua ziada ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, mgodi ukiwa umebakiza miaka 10 baada ya huu. Fedha iliyowekezwa ikizaa riba ya asilimia 5, mtaji uliokwisha ni kama milioni 58. Kwa asilimia 10, ni milioni 35. Mashapo, yaani madini yaliyolala ardhini, ni yaleyale, mawe ni yaleyale! Kwa hiyo riba uliyoichagua iandike ukurasa wa kwanza, na matokeo ya riba nyingine kando yake. Ukiificha, unamdanganya waziri anayepanga bajeti.

Miaka iliyobaki nayo msiione mingi. Kwale, hapo Kenya ng'ambo ya mpaka, mchanga wa titani ulianza kusafirishwa 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Mashapo mapya yakigunduliwa, yapeni mstari wake, yasifunike yaliyochimbwa.

Kwa vito vya bonde la Umba, huku kwetu Tanga, tani hazina maana. Gramu chache za rangi nzuri zinashinda gunia zima. Nendeni kwa wachimbaji wadogo, kisha kwa madalali, kila mmoja peke yake, maana hakuna atakayetaja bei mbele ya mwenzake. Andikeni bei zote mbili. Ukitumia ya shimoni pekee, utaripoti kwamba nchi imepoteza kidogo, kumbe ziada ya jiwe imeishia mfukoni mwa mtu wa kati na haimo kwenye jedwali lako.