Seva kuu ya barua pepe ikizimika, barua zinakwenda wapi?

SWALI: Ofisi yetu ina matawi matatu. Barua pepe zote, za nje na za ndani, hupitia seva moja ya makao makuu inayotumia Postfix, programu ya kupokea na kutuma barua pepe. Ikizimika siku mbili, barua tunazoandikiwa zinapotea? Na ikirudi tuanze na lipi?

JIBU: Seva ikiwa kimya kabisa, barua nyingi hazipotei. Seva ya anayewaandikia isipojibiwa, huiweka barua kwenye foleni yake na kujaribu tena baadaye. Postfix kwa kawaida huing'ang'ania siku 5. Exchange Server, programu ya Microsoft ya kazi hiyohiyo, ni siku 2 tu, kwa hiyo waandikaji wa upande huo wataanza kurudishiwa barua. Za tawi kwa tawi nazo zitakwama hata kama ofisi zinatazamana, maana njia ni hiyo moja. Tawi lenye seva yake litaziona kwa amri ya mailq, inayoonyesha foleni.

Tafadhali msiifute rekodi ya MX (inayotaja seva ya kupokea barua zenu) kwenye DNS, orodha ya anwani za mtandao, mkidhani mnasaidia. Ikikosekana, barua huelekezwa kwenye anwani ya kikoa chenyewe, ambayo mara nyingi ni mashine ya tovuti, na huko zinaweza kukataliwa moja kwa moja.

Hatari kubwa zaidi ni siku ya kurudi. Seva humjibu mtumaji kwa namba. Jibu linaloanza na 4 humwambia ajaribu tena. Linaloanza na 5 humaliza kazi. Seva ikiwashwa kabla orodha ya watumiaji haijarejeshwa, itajibu 550, mtumiaji hayupo, na barua zilizosubiri siku mbili zitarudishwa zote ndani ya dakika chache. Kabla ya kufungua poti 25, mlango wa kuingilia barua, wekeni soft_bounce = yes kwenye main.cf, faili la mipangilio ya Postfix: majibu ya 5 yatageuka kuwa ya 4. Pimeni pia nafasi ya diski kwa df -h, kwani Postfix hukataa kupokea barua nafasi ikipungua chini ya mara 1.5 ya ukubwa wa juu wa barua mnaouruhusu.

Someni logi. Kila anwani ikipokea sawasawa, rudisheni soft_bounce kuwa no, kisha matawi yaamuru postqueue -f, amri ya kusukuma barua zilizo foleni, moja baada ya jingine. Za nje zitaingia zenyewe. Postfix ya mtumaji inaweza kungoja hadi sekunde 4000, zaidi kidogo ya saa nzima, kabla ya kujaribu tena.

SWALI: Tuweke seva ya pili ya akiba?

JIBU: Iwekeni ikiwa tu nayo itakuwa na orodha ileile ya watumiaji. Ikiikosa orodha hiyo, itapokea kila takataka, kisha izirudishe kwa watu ambao anwani zao zimeghushiwa, na mwishowe anwani yake ya IP itaingizwa kwenye orodha za wasambazaji taka.